Kiwanja Chetu na Usingizi wa Jirani

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi
Tusome: Zekaria 8:4-5, Mithali 27:14, Mwanzo 26:17-22, Mathayo 5:23-24

Nabii Zekaria alipoonyesha jinsi Yerusalemu utakavyokuwa siku Mungu atakapourudia, alitaja wazee waliokaa na mikongojo yao, na watoto wa kiume na wa kike wakicheza njiani. Basi kiwanja cha kanisa chenye watoto wanaocheza si jambo la upuuzi. Hapa Mwanza, ambapo nyumba zimepanda hadi juu ya mawe, mahali tambarare pa kuchezea ni haba. Kiwanja kikifungwa, watoto watakwenda kucheza barabarani.

Lakini Mithali inatuonya pia. Mtu anayembariki rafiki yake kwa sauti kuu alfajiri huhesabiwa kama amemlaani. Neno lake ni jema, na nia yake ni njema. Kilichoharibu ni saa na ukubwa wa sauti. Hatuna budi kuyashika mafundisho haya mawili pamoja.

1. Jirani yetu analala saa ngapi?
Tumezoea kudhani kwamba kelele ni kosa la usiku tu. Tukumbuke wavuvi wa dagaa. Hao huingia ziwani jioni na taa zao, hasa siku za giza, na hulala mchana. Wauguzi wa zamu ya usiku pale Bugando nao hurudi nyumbani asubuhi. Mama anayewahi soko la Kirumba Mwaloni hulala mapema. Kwa watu hawa, mazoezi ya kwaya ya saa nane mchana au saa tatu usiku yaweza kuwa ndiyo yanayowanyima pumziko. Hatuwezi kulijua hilo bila kuwauliza.

2. Sauti husafiri
Mawe makubwa ya mji wetu hayamezi sauti, bali huirudisha. Usiku ardhi hupoa upesi, na hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu. Ndipo sauti ambayo mchana ingepotea angani hupindwa na kurudi chini, ikasikika mbali. Wavuvi wanajua jinsi maneno yasemwayo mtumbwini yanavyofika ufukoni. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi tu. Kwa hiyo kipaza sauti kimoja kikubwa kilichoelekezwa mlimani huwasumbua wengi, kumbe viwili vidogo, vikiwekwa karibu na wasikilizaji na kuelekezwa ndani, vingetosha. Tena tutenganishe mambo: kicheko cha mtoto si sawa na mashine. Jirani naye anapaswa kuvumilia sauti ya watoto wakati wa mchana, lakini vipaza sauti tunaweza kuvipunguza wenyewe.

3. "Sisi tulikuwa wa kwanza"
Neno hili husemwa sana: kiwanja kilikuwepo kabla ya nyumba zao. Mahakama za Uingereza zililipima neno la namna hiyo zamani. Mwaka 1879 ziliamua kesi ya mtengeneza peremende wa London aliyekuwa ametwanga kwa vinu vyake zaidi ya miaka 20. Daktari wa jirani alijenga chumba cha kupimia wagonjwa kando yake, akasumbuliwa na mtikisiko na kelele. Daktari alishinda, ingawa chumba chake kilikuja baadaye. Hata kengele za kanisa moja la Clapham zilizuiwa mwaka 1851 zisipigwe kwa namna ya kumsumbua jirani. Misingi hiyo ya sheria iliingizwa Tanganyika mwaka 1920. Leo tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015.

Lakini Mkristo haishii kwenye sheria. Watumishi wa Isaka walichimba visima wenyewe, na haki ilikuwa yao. Wachungaji wa Gerari walipogombana nao, Isaka aliacha kisima cha kwanza na cha pili, mpaka akapata Rehobothi, mahali penye nafasi. Alipoacha kushindana hakupoteza maji.

4. Twende sisi kwanza
Bwana wetu asema kwamba ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka madhabahuni, uende. Hakusema tumngoje aje na hasira. Basi yafaa wazee wa kanisa wawili, pamoja na mama mmoja, wazitembelee nyumba zinazopakana na kiwanja. Waulize saa za kulala, na kama pana mgonjwa au mtoto mchanga. Kisha ratiba ibandikwe langoni, pamoja na jina la mzee wa kupelekewa malalamiko. Arusi na mikutano itangazwe mapema. Huko Bujora, sherehe ya ngoma ya Bulabo hujulikana kuwa ni ya mwezi wa Juni. Anayeijua siku huweza kujipanga.

Tukishindwa kupatana, yupo mwenyekiti wa mtaa, na lipo Baraza la Kata, ambalo kazi yake kubwa ni kusuluhisha. Tusingoje mpaka mambo yafike kwa maofisa wa mazingira.

Maswali ya kujadiliana
1. Ni nani anayeishi nyuma ya ukuta wa kiwanja chetu? Tunamjua kwa jina?
2. Ni kelele ipi tunayoweza kuipunguza wiki hii bila kuwanyima watoto mchezo?
3. Jirani asiye wa imani yetu hujifunza nini juu ya Kristo kutokana na vipaza sauti vyetu?

Sala
Ee Bwana, uliyewapa watoto furaha na waliochoka usingizi, utufundishe kuvitunza vyote viwili. Amina.