Somo: Kutoa bunduki ndogo ili kupata kubwa

Kila mara silaha zinapokusanywa, habari ya kwanza kutangazwa ni hesabu: bunduki kadhaa zimerudishwa. Watu wanapiga makofi, wakubwa wanapigwa picha mbele ya rundo. Kabla ya makofi, kamati ya amani ingefaa iulize: ni bunduki za namna gani, na yule aliyezileta amebaki na nini nyumbani? Maana kuna biashara inayojificha nyuma ya hesabu hiyo. Mtu anatoa silaha ndogo au iliyochakaa, na kile anachopewa anakiongeza kwenye pesa za kununua silaha yenye nguvu zaidi.

Tuanze na neno kalibre, kwa sababu linachanganya wengi. Kalibre ni upana wa tundu la mtutu. Bunduki ya AK-47, ile tunayoita kalashi, ina milimita 7.62. Lakini kalibre 12 ya wawindaji huhesabiwa kwa njia nyingine ya zamani: goroli 12 za madini ya risasi zinazoenea katika mtutu huo zina uzito wa ratili moja. Tundu lake ni kama milimita 18.5, yaani zaidi ya mara mbili ya kalashi. Je, ni silaha kubwa kuliko kalashi? Hapana. Mwindaji anapiga mara moja au mbili kisha anapakia tena, na chembe zake hazina nguvu mbali. Kalashi ina risasi 30 katika magazini moja na inaweza kumwangusha mtu aliye mita 300. Kwa hiyo anayetoka kwenye kalibre 12 kwenda kwenye kalashi ameshuka kwa milimita, lakini amepanda kwa vifo. Katika somo hili, tukisema silaha kubwa tunamaanisha hivyo.

Juu ya kalashi ziko nyingine. Bunduki ya rashasha PKM nayo ni milimita 7.62, ila risasi yake ni ndefu zaidi na hailingani na ya kalashi, nayo hulishwa kwa mkanda. Kisha kuna rashasha nzito za milimita 12.7, na mota za milimita 60 na 82. Umoja wa Mataifa huita kalashi silaha ndogo, na mota huziita silaha nyepesi. Majina hayo yasitudanganye. Aliyeyachagua alikuwa akilinganisha na vifaru na ndege.

Kwa nini watu wanapanda ngazi hiyo? Mfano unaoeleweka vizuri uko kwa jirani zetu wa Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Wafugaji wa huko walinyang'anyana ng'ombe kwa mikuki tangu zamani, na katika miaka ya 1970 wengine walianza kutumia bunduki walizojitengenezea kwa mabomba ya chuma. Mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, askari wa kambi ya Moroto walikimbia na Wamatheniko wakachukua bunduki zilizokuwa ghalani. Basi kila jirani aliona kwamba mkuki haumlindi tena. Wengine hawakununua kwa sababu ya kupenda vita. Walinunua kwa sababu mwenzao ng'ambo ya kilima alikwisha kununua.

Mwezi wa Desemba 2001 serikali ya Uganda ilianza kuwapokonya silaha kwa hiari, ikiahidi majembe ya kukokotwa na ng'ombe na mabati. Bunduki kama 10,000 zilipatikana. Lakini ulinzi ulioahidiwa haukutosha, na Wabokora, ambao walikuwa wametoa silaha nyingi, walishambuliwa na majirani waliobaki na zao. Ng'ombe walikwenda, na watu wengi wakahamia miji. Hapa tungependa kila kikundi kikae kidogo na kufikiri. Yule aliyeshika ahadi ndiye aliyepata hasara. Baada ya jambo kama hilo, mwambie mtu arudishe bunduki mara ya pili, uone atakuletea ipi. Mwaka 2006 serikali ilirudi na operesheni kali za kuzingira vijiji, na mwaka 2021 ilibidi kuanza operesheni nyingine iliyoitwa Usalama kwa Wote.

Kwetu Kongo, tuutazame mkoa wa Ituri. Kati ya Septemba 2004 na Juni 2005 wapiganaji zaidi ya 15,000 walipita katika vituo vya kuweka silaha chini. Bunduki zilizopokelewa hazikufika nusu ya idadi hiyo, na nyingi zilikuwa za zamani au mbovu. Tusihukumu haraka: katika kila kikundi cha wapiganaji kulikuwa na wapishi, wabeba mizigo na watoto wasio na bunduki, na mara nyingine watu wawili walitumia moja. Lakini hiyo haielezi yote. Bunduki nzuri zilibaki vichakani na chini ya sakafu, na vita vilipowaka tena katika Djugu mwezi wa Desemba 2017, haikuwa lazima kuanza na mikono mitupu.

Malipo nayo yana hila yake. Tuseme programu inatoa dola 50 kwa kila bunduki, bila kuuliza ni ya namna gani. Mwenye gobore lisilopiga, ambalo sokoni halina thamani ya dola 10, atakuja mbio. Mwenye kalashi nzima atabaki nyumbani. Naye mwenye gobore mawili sasa ana dola 100 mkononi, na kama jirani yake bado anamtisha, tunajua atazipeleka wapi. Bei moja kwa silaha zote ni kama kumlipia mtu sehemu ya bunduki yake mpya.

Ndiyo maana wengine walichagua vitu kuliko pesa. Katika Katanga, shirika la kikanisa PAREC, chini ya mchungaji Daniel Ngoy Mulunda, liliwapa Mai-Mai baiskeli kwa silaha. Katika Msumbiji, Baraza la Kikristo lilianza mwaka 1995, pamoja na askofu Dinis Sengulane, kubadilisha silaha kwa majembe, cherehani na baiskeli. Baiskeli inaweza kuuzwa, hatukatai. Lakini inabeba mahindi, mke na watoto wanaifahamu, na ikipotea kijiji kitauliza. Pesa hazina alama hiyo. Wamsumbiji walifanya pia jambo ambalo tunaliona la maana kuliko baiskeli zenyewe: silaha zilikatwakatwa, na wasanii wakatumia vipande kutengeneza sanamu. Kiti kimoja kilichotengenezwa hivyo mwaka 2001 kiko katika British Museum, London. Bunduki iliyokatwa hairudi sokoni usiku kupitia mlango wa nyuma wa ghala.

Kwa kamati zetu, kazi inaanza kabla ya siku ya kupokea. Mwami, wazee na wawakilishi wa jamii zote mbili wakubaliane kwamba watatoa kwa kipindi kimoja, na ijulikane nani atalinda barabara na malisho wiki zitakazofuata. Kama hakuna wa kulinda, ni afadhali kungoja. Risasi nazo ziombwe. Anayeleta bunduki bila hata risasi moja huenda amebakiza risasi kwa ajili ya bunduki nyingine. Na wawindaji wenye kibali wasichanganywe na wenye silaha za vita, ambazo sheria ya mwaka 1985 haimruhusu raia kuwa nazo. Kijiji kinachotoa kalibre 12 zake zote na kubakiza kalashi tatu kimefungua njia ya kutawaliwa na watu watatu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi: Katika eneo lenu, watu walianza na silaha gani, na ni mwaka gani walipoona haiwatoshi tena? Nani alikuwa wa kwanza kupata kubwa zaidi, na majirani walifanya nini? Kama jamii yenu ingetoa silaha kesho, ni jamii gani mngeiogopa keshokutwa? Je, kuna mmoja kati yenu anayeweza kwenda kuongea nao?