Ugonjwa Unaolala na Kuamka

Tuseme kijijini kwenu yuko mama wa miaka thelathini hivi. Mwaka juzi jicho lake moja liliingia ukungu. Liliuma kila alipoligeuza, na rangi nyekundu akaiona imepauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Baada ya wiki kadhaa jicho likapona lenyewe, akasahau. Mwaka jana miguu ilikufa ganzi kutoka nyayo hadi kiunoni, akawa anatembea kama mtu anayekanyaga pamba. Miezi miwili ikapita, akarudi shambani. Mwaka huu Jumatatu analima, Jumanne analima, Jumatano amelala mkekani. Ukimtazama huoni jeraha, huoni uvimbe, na hana homa. Majirani watasema nini? Wengine watasema amerogwa. Wengine watasema ni mvivu, na neno hili la pili ndilo litakalomuumiza zaidi, maana litasemwa hata na watu wa nyumbani kwake.

Upo ugonjwa wenye tabia hiyo hasa. Wataalamu wanauita maltipo sklerosisi, yaani makovu mengi. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot ndiye aliyeueleza kwa ukamilifu, mjini Paris, mwaka 1868. Hesabu iliyotolewa mwaka 2020 ilikadiria kwamba watu milioni 2.8 duniani wanao. Wanawake ni wengi kuliko wanaume, kiasi cha mara mbili au zaidi, na kwa kawaida huanza mtu akiwa na miaka kati ya 20 na 40, wakati ana watoto wadogo na kazi nyingi. Umeenea zaidi katika nchi za baridi kama zile za Ulaya ya kaskazini na Kanada. Kwetu Afrika ni nadra, lakini upo. Kuutambua si rahisi, kwa sababu mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo hupatikana katika hospitali kubwa za mijini.

Ili uuelewe, fikiri juu ya waya wa taa ya baiskeli. Ndani kuna shaba, nje kuna mpira. Mpira ukichunika, umeme huvuja na taa humulika hafifu, au huzimika. Mishipa ya fahamu itokayo kwenye ubongo na uti wa mgongo nayo imevikwa utando wa mafuta. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kama ya mgambo wa kijiji, hugeuka na kuushambulia utando huo. Pale palipochunika, habari kutoka ubongoni hazifiki vizuri. Ikiwa ni mshipa wa jicho, jicho huona ukungu. Ikiwa ni uti wa mgongo, miguu hufa ganzi au hukakamaa, na mkojo huja kwa haraka usiyoweza kuizuia. Baadaye shambulio hutulia, mwili hutia viraka, mgonjwa hupata nafuu. Ugonjwa umelala. Kovu linabaki, na siku nyingine ugonjwa huamka mahali pengine.

Chanzo chake hakijajulikana chote. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani, waliochunguza damu ya wanajeshi kwa miaka mingi, walionyesha kwamba kirusi kiitwacho Epstein-Barr hutangulia karibu kila mara. Lakini kirusi hicho karibu sisi sote tunacho, na ni wachache sana wanaougua. Mgonjwa mwenyewe hamwambukizi mtu. Kuleni naye sahani moja.

Sasa tuje kwenye maisha ya kila siku, maana hapo ndipo watu wanapogombana. Mgonjwa wa namna hii ana siku mbaya za aina tatu. Nyumba isiyojua kuzitofautisha itampeleka hospitali bure siku moja, na siku nyingine itamwacha ndani wakati anahitaji daktari.

Aina ya kwanza ni uchovu. Huu si ule wa mtu aliyelima ekari nzima, ambao usingizi wa usiku mmoja huumaliza. Mgonjwa anaweza kuamka asubuhi akiwa amechoka tayari. Nguvu zake ni kama ndoo moja ya maji ya kutumia kutwa wakati wa kiangazi. Akifulia yote asubuhi, hatabakiwa na ya kupikia. Kwa hiyo lazima apange. Kazi nzito aifanye alfajiri. Amenye ndizi na kuchambua mboga akiwa amekaa kwenye kigoda. Kuni azibebe kidogo kidogo, na dumu la maji walichukue watoto au mume. (Ndiyo, mume. Hatujasikia mkono wa mwanamume ulioharibika kwa kubeba dumu.) Apumzike kabla hajachoka, asingoje mpaka aanguke. Lakini asilale kutwa nzima kila siku. Zamani madaktari waliwaambia wagonjwa hawa wasijichoshe, wakae tu. Ushauri huo umeachwa, kwa kuwa mazoezi ya kiasi kama kutembea na kunyoosha viungo huupunguza uchovu wenyewe na kulegeza misuli iliyokakamaa.

Aina ya pili ni siku ya joto. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika juu ya wagonjwa ambao macho yao yalififia walipofanya kazi ngumu, kisha yakarudi walipopumzika. Baadaye ikajulikana kwamba tatizo ni joto la mwili. Mshipa uliochunika hupitisha habari kwa shida, na joto likipanda hata nusu digrii tu, huweza kushindwa kabisa. Kwa muda fulani madaktari walikuwa wakimtia mtu kwenye maji ya moto kuona kama dalili zitatokea. Siku hizi hawafanyi hivyo. Basi fikiria mkulima wetu saa sita mchana, jembe mkononi, au mbele ya mafiga katika jiko lisilo na dirisha. Miguu inalegea, macho yanaingia giza, watu wanapiga kelele kwamba ugonjwa umeamka. Haujaamka. Mpelekeni kivulini, mlowesheni kanga kwa maji baridi mumwekee shingoni na mabegani, mpeni maji ya kunywa. Kwa kawaida atarudi katika hali yake baada ya muda, na joto hilo halikuongeza kovu jipya. Jiko nalo lihamishiwe nje penye upepo.

Homa hufanya kama jua. Malaria, au ugonjwa wa njia ya mkojo, unaweza kuamsha dalili zote za zamani kwa pamoja. Kwa hiyo mgonjwa aliyezidiwa ghafla apimwe kwanza damu na mkojo katika zahanati iliyo karibu. Tena asipunguze kunywa maji kwa kuogopa kwenda chooni mara kwa mara, kwani mkojo mchache na mzito huukera mfuko wa mkojo.

Aina ya tatu ndiyo kuamka kwenyewe. Dalili mpya hutokea, au ya zamani hurudi kwa nguvu, nayo hudumu zaidi ya saa 24 bila homa na bila joto la kuisababisha. Hapa aende hospitali. Daktari anaweza kumpa dawa ya steroidi kwa siku tatu hadi tano, mara nyingi kwa mshipa. Dawa hiyo huharakisha nafuu, ingawa haibadilishi kiasi cha udhaifu utakaobaki mwishoni. Usiinunue dukani ukajitibu, hasa ukiwa na maambukizo usiyoyajua. Ziko pia dawa za kupunguza idadi ya mashambulio. Ya kwanza ilikubaliwa Marekani mwaka 1993. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu katika orodha ya dawa muhimu, nazo ni kladribini, glatirameri na rituksimabu. Haziponyi, na bei yake bado ni mzigo mkubwa kwa mtu wa kijijini.

Mama mwenye ugonjwa huu anaweza kuzaa. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba mashambulio hupungua, lakini miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua huongezeka. Bibi au shangazi wa kumsaidia aitwe mapema. Akiwa anatumia dawa, azungumze na daktari kabla ya kushika mimba.

Msomaji asikimbilie kusema kila miguu dhaifu ni ugonjwa huu. Kwetu yako mengine yaliyo ya kawaida zaidi, kama kifua kikuu cha uti wa mgongo, au kichocho kilichofika huko. Uko pia konzo, unaotokana na mihogo michungu isiyotayarishwa vizuri, uliowapata watu wa wilaya ya Tarime mwaka 1985. Konzo hupooza miguu ghafla, na udhaifu hubaki. Hauna tabia ya kulala na kuamka. Mganga ataanza kuyatafuta hayo kwanza, na yuko sahihi. Msaidie kwa kumweleza yote. Hata lile jicho la mwaka juzi lililopona lenyewe mtajie, na umwambie lilidumu siku ngapi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

Mgonjwa amelegea miguu saa nane mchana baada ya kupalilia. Mtafanya nini kwanza, na mtangoja kwa muda gani kabla ya kumpeleka hospitali?

Je, yuko mtu hapa kijijini aliyeitwa mvivu ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza anajisikiaje?

Katika nyumba ya yule mama, kazi zipi za mchana zinaweza kuhamishiwa alfajiri, na zile zisizohamishika zichukuliwe na nani?