Mapato ya Ziada na Hasara katika Ritani ya Ushuru

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Katika somo hili, ushuru ni fedha zinazolipwa Serikali, na kodi ni ile ambayo mpangaji humlipa mwenye nyumba. Ukiyachanganya, hesabu nzima itakupotea.

Mwajiriwa hukatwa ushuru kila mwezi kabla ya kupokea mshahara. Kwa hivyo wengi hudhani wameshamalizana na Serikali. La. Kila mwenye mapato hutakiwa kujaza ritani kwenye mtandao wa iTax kufikia tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata, na hapo huonyesha mshahara pamoja na kila alichopata kando: kodi ya duka, mazao ya shamba, faida ya biashara.

Kanuni inayowakosesha watahiniwa alama ni hii: kila chanzo cha mapato huhesabiwa peke yake. Hasara ya chanzo kimoja haipunguzi mapato ya chanzo kingine. Husubiri faida ya chanzo kile kile katika miaka inayofuata.

Tuchukue mwalimu wa Kitale mwenye mshahara wa sh. 720,000 kwa mwaka. Maduka yake mawili yalimletea kodi ya sh. 300,000. Alitumia sh. 40,000 kukarabati paa, sh. 20,000 kwa bima na ada ya ardhi ya kaunti, na sh. 90,000 kulipa riba ya mkopo aliojengea maduka hayo. Vilevile alirejesha sh. 120,000 za mkopo wenyewe. Shamba lake la mahindi liliuza sh. 110,000 baada ya kumgharimu sh. 190,000.

Maduka: 300,000 – (40,000 + 20,000 + 90,000) = 150,000
Shamba: 110,000 – 190,000 = hasara ya 80,000
Mapato ya kutozwa ushuru: 720,000 + 150,000 = sh. 870,000

Zile sh. 120,000 hazikutolewa. Riba ni gharama ya kupata kodi. Kurejesha mkopo ni kulipa deni tu. (Watahini hupenda sana mtego huu.) Ukiitoa pia hasara ya mahindi utapata sh. 790,000, na kwa kuwa mapato yake ya juu hutozwa asilimia 30, utakuwa umepunguza ushuru kwa sh. 24,000. Mwakani shamba likipata faida ya sh. 130,000, ataonyesha sh. 50,000 pekee.

Angalia kama swali linataja maduka au nyumba za kuishi. Kodi ya nyumba za kuishi, ikiwa kati ya sh. 288,000 na sh. milioni 15 kwa mwaka, hutozwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024, na hulipiwa kila mwezi. Hutozwa kodi yote bila kutoa gharama yoyote, hivyo hakuna hasara ya kuhesabu. Maduka ya mwalimu wetu yangekuwa nyumba za kuishi, angelipa sh. 22,500 hata paa lingemgharimu kiasi gani.

Jaribu swali hili. Muuguzi wa Kakamega alipata mshahara wa sh. 600,000. Duka lake lilileta kodi ya sh. 240,000, ukarabati ulikuwa sh. 70,000 na riba sh. 200,000. Ng'ombe wa maziwa walimpa faida ya sh. 65,000, ilhali mwaka uliotangulia walimpa hasara ya sh. 40,000. Tafuta mapato yake ya kutozwa ushuru.

(Jibu: sh. 625,000. Hasara ya duka, sh. 30,000, inasubiri kodi ya mwaka ujao.)