Umbo la Kitenzi katika Amri za Programu za Soga: Tatizo la Kiambishi cha Yambwa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili umbo la kitenzi linalofaa kwa amri ambazo mtumiaji wa programu ya soga huziandika mahali palepale anapoandikia mazungumzo. Utaratibu huu ulienezwa na IRC, iliyobuniwa na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Ufini, mwaka 1988, na umeendelezwa na Slack, Telegram na Discord. Katika IRC, mstari unaoanza na mkwaju (/) huchukuliwa kuwa ni amri. Usioanza nao husomwa na wote waliomo katika chaneli.

Ikumbukwe kwamba mkwaju huo si sehemu ya itifaki. Mtumiaji akiandika /msg, programu iliyo katika kompyuta yake huigeuza kuwa PRIVMSG ndipo ikaipeleka kwenye seva. Amri za Kiswahili, basi, zinawezekana bila ya kuigusa seva. Kikwazo kilichopo ni cha kimofolojia.

2.0 Jina la amri

Mfasiri wa programu huelekea kuteua kitenzi-jina: kuingia, kutoka, kualika, kunyamaza. Uteuzi huu haufai. Programu nyingi humkamilishia mtumiaji amri baada ya herufi chache, na hapa herufi mbili za mwanzo hazitofautishi chochote. Umbo la kuamuru (ingia, toka, alika) halina kasoro hiyo. Aidha, kwa kuwa anayeamriwa ni mashine moja, kiambishi -ni cha wingi hakihitajiki.

Ugumu unaanza pale amri inapochukua yambwa. Katika Kiswahili sanifu, yambwa inayotaja mtu mahususi hudai kiambishi katika kitenzi, na kiishio hubadilika: hatusemi *alika Asha*, bali *mwalike Asha*, na wakiwa wawili, *waalike Asha na Juma*. Mbunifu anayeshurutisha /alika Asha anamlazimisha mtumiaji kuivunja sarufi yake kila siku. Anayeshurutisha /mwalike naye anaurejesha ugumu wa ku-, kwani mwalike, mwambie, mtoe na mruhusu zote huanza na m-.

Yawezekana kuielekeza programu iondoe kiambishi na kurudisha kiishio -a. Lakini vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havifuati kanuni hiyo: jibu huwa mjibu, ruhusu huwa mruhusu, bila ya -e. Kwa maoni yetu uchanganuzi wa aina hii ni wa gharama isiyo ya lazima. Amri za programu ya soga ni chache. Inatosha kila moja iorodheshwe kwa maumbo matatu (alika, mwalike, waalike), la kwanza likionyeshwa katika orodha na mengine mawili yakikubaliwa kimyakimya.

Jedwali, hata hivyo, haliondoi utata wa maana. Mtumie Asha ni "mpelekee Asha" na pia ni "mfanye Asha chombo chako". Kwa /msg tunapendekeza ambia.

3.0 Amri ya /me

Amri hii hutanguliza jina la mwandishi: Asha akiandika /me anacheka, wengine husoma "Asha anacheka". Kuifasiri kuwa /mimi ni kumshawishi aandike ninacheka, na matokeo ni "Asha ninacheka". Neno /tendo, lisilobeba nafsi, linafaa zaidi.

4.0 Amri isiyotambulika

Katika programu nyingi za IRC, nafasi moja tu ikitangulia mkwaju, mstari mzima huwa mazungumzo, na nywila iliyokuwamo husomwa na wote. Mwenye kuamuru kwa lugha yenye maumbo mengi atakosea mara nyingi zaidi. Kwa hiyo programu ipuuze nafasi ya mwanzo. Na neno lenye mkwaju lisilomo katika jedwali lisipelekwe popote, bali mstari ubaki mbele ya mwandishi wake, pamoja na umbo lililo karibu zaidi na alilokusudia.