SOMO LA AFYA: FUNDO LA SHINGO HALIFICHWI

Tunaonaka wenzetu wamoja wanafunga kitambaa shingoni hata wakati wa jua kali. Tukiwauliza, wanasema ni baridi. Kumbe wanaficha uvimbe! Juu ya hiyo tumeandika somo hili.

Mbele ya shingo kuna tezi inayoitwa tiroidi. Umbo lake ni kama kipepeo. Kwa mtu mzima uzito wake ni karibu gramu 20. Inatumia iodi ya chakula kwa kutengeneza homoni zinazoongoza joto, nguvu na kukomaa kwa mwili. Iodi ikikosekana, tezi inavimba: ndiyo rovu. Katika kisiwa cha Idjwi, uchunguzi wa miaka ya 1960 ulionyesha kwamba iodi ilikuwa kidogo kisiwa kizima, lakini rovu lilizidi upande wa kaskazini. Kisha ikajulikana kwamba muhogo usiolowekwa vizuri unazuia iodi kuingia ndani ya tezi.

Lakini mara zingine haivimbi tezi yote, ni fundo moja tu. Jiangalie hivi: simama mbele ya kioo, inua kidevu, kunywa maji. Fundo likipanda na kushuka unapomeza, labda ni la tiroidi. Nenda hospitali.

Muganga atafanya nini?
1. Atapapasa shingo.
2. Atapima damu (TSH), ajue kama tezi inatumika kidogo ao kupita kiasi.
3. Atapiga ekografia, haiumi.
4. Fundo likileta mashaka, atavuta chembe kidogo kwa sindano nyembamba, ziangaliwe kwa mikroskopi.

Msiogope. Kwa wakubwa, zaidi ya mafundo 90 kwa 100 si kansa. Kwa vijana kansa inaonekana mara nyingi zaidi, basi msichelewe. Fundo lisilo baya linaweza kuachwa na kuangaliwa kila mara. Lenye kansa, ao linalobana pumzi, linapasuliwa. Mtu aliyeondolewa tezi yote atakunywa kidonge kila siku, maisha yake yote.

Kuchanja ao kuchoma shingo hakuponyeshi, kunaleta kidonda. Chumvi yenye iodi inakinga, lakini haiyeyushi fundo gumu la zamani. Na sauti ikibadilika, ao kumeza kukiwa shida, usingoje likizo: mwambie mwalimu leo.

Maulizo: Kwa nini tunakunywa maji mbele ya kioo? Mwenzako akificha shingo, utamwambia nini?