Simu ya Arua, Bei ya Ariwara

Sokoni Ariwara, Kongo, mchuuzi hushika pesa za aina tatu kwa siku moja: shilingi ya Uganda, dola ya Marekani na faranga ya Kongo. Shilingi ndiyo inayotembea zaidi, maana bidhaa nyingi hutoka Arua, Uganda, ng'ambo ya mpaka. Kila ukibadilisha pesa unamwachia mbadilishaji kidogo, kwa hiyo deni la shilingi liwekee shilingi. Dola ikague kabla hujaipokea: noti yenye mpasuko mdogo tu itakurudia.

Tuseme simu ya mtumba ni shilingi 200,000 Ariwara na 170,000 Arua. Unaona nafuu ya 30,000. Toa 20,000 za pikipiki kwenda na kurudi na 5,000 za chakula. Zimebaki 5,000, lakini meza yako imeshinda imefungwa. Kama huwa inakupa faida ya 15,000 kwa siku, safari imekula 10,000. Faida uliyoiacha nayo ni gharama, ingawa haikutoka mfukoni. Ukileta simu kumi, hesabu inageuka: nauli ni ile ile, nafuu ni 300,000 kabla ya ushuru. Wenye mtaji mdogo wachange, aende mmoja.

Sasa unaitangaza simu hiyo WhatsApp. Gharama ni mega chache tu, na hapo ndipo penye taabu: tapeli naye hulipa hizo hizo, na mnunuzi hawezi kuwatofautisha. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof alilieleza jambo hili kwa magari yaliyotumika. Mnunuzi asipoweza kutofautisha zima na bovu, hutoa bei ya katikati. Mwenye zima anaona anapunjwa, analiondoa, na sokoni yanazidi mabovu. Kazi hiyo ilimpatia Nobel mwaka 2001.

Basi fanya lile ambalo tapeli hawezi. Piga picha ya simu yenyewe ikiwa imewashwa, si picha ya kuokota mtandaoni. Ufa uonyeshe. Taja bei na aina ya pesa. Tangazo la "bei njoo inbox" mimi hulipita, na wenye haraka wengi hufanya hivyo. Eleza meza yako ilipo, mtu aje aijaribu kabla ya kulipa.

Nawe ukiwa mnunuzi, usitume pesa kwa simu kabla hujakishika kitu. Bonyeza *#06# uone namba ya IMEI, inayoitambulisha simu, kisha uilinganishe na iliyo kwenye boksi. Muuzaji naye aionyeshe ana kwa ana, asiibandike hadharani.