Je, Gari la Mchezo Libonyee au Lisibonyee?

Makala haya yalizaliwa na ubishi. Siku moja tulikuwa tumekusanyika kwa mkutano wa chama chetu cha Kiswahili, mwalimu akachelewa, na kama mjuavyo paka akiondoka panya hutawala. Mwenzetu mmoja wa kidato cha nne akatangaza kwamba hakuna mchezo wa mbio za magari duniani unaoushinda Gran Turismo. Mwingine akamrukia papo hapo: "Mchezo gani huo! Gari linagonga ukuta kwa kasi ya kilomita mia mbili, halafu linaondoka kama mgeni aliyebisha hodi akakosa wenyewe!" Basi kukawa na kelele hadi mwalimu alipoingia. Badala ya kutuadhibu akasema kwamba anayejua hoja zote za pande mbili aziandike. Mimi nikainua mkono. Laiti ningalijua kazi iliyonisubiri!

Ubishi huu si wetu peke yetu. Wapenzi wa michezo hii huko Japani, Uingereza na Marekani wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na chanzo kikubwa ni huo huo Gran Turismo. Mchezo huo ulitoka Japani mwezi wa Desemba 1997, kazi ya Kazunori Yamauchi na wenzake, kwa mashine ya PlayStation. Ulisifiwa sana kwa sababu magari yake yalikuwa ya kampuni za kweli na kila moja lilikuwa na mwendo wake. Lakini ukigonga, gari halikupata hata mkwaruzo. Lilidunda tu kama mpira.

Wanaoutetea huanza na mashine yenyewe. PlayStation ile ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 2 tu. Picha moja ya simu ya siku hizi inaweza kuizidi! Katika nafasi hiyo finyu watengenezaji walilazimika kuingiza njia, hesabu za mwendo na magari sita yanayoshindana. Ili gari libonyee, lazima mashine ikumbuke umbo la kila gari jinsi lilivyoharibika, si umbo moja zima tu. Ukitaka mabonyeo, punguza magari au upunguze uzuri wa picha. Hoja hii naikubali, lakini kwa mwaka 1997. Leo mtu akiileta namwambia aende akalale.

Hoja yao ya pili ndiyo maarufu zaidi, na utaisikia kila mahali: ati kampuni za magari hazikubali magari yao yaonyeshwe yameharibika, kwa hiyo watengenezaji wa michezo wamefungwa mikono. Na kwa kweli ukitazama michezo iliyopondaponda magari bila huruma, kama Destruction Derby ya 1995 au Burnout iliyoanza 2001, utaona magari yake ni ya kubuni, hayana jina la kampuni yoyote. Hapo unaweza kusema, aha, yamethibitika. Haraka haraka haina baraka! Mwaka 1998 ulitoka Colin McRae Rally, wenye Subaru Impreza ya kweli, na gari hilo lilibonyea na kuharibika. Mwaka 1999 Need for Speed: High Stakes ulikuwa na magari ya fahari ya kampuni halisi, na ukigonga ulitozwa gharama ya matengenezo kutoka kwa zawadi zako. Mwaka 2005 ukaja Forza Motorsport, nao ukaonyesha uharibifu unaoonekana na unaopunguza nguvu za gari. Kwa hiyo kampuni hazikatai kabisa, ila huweka mipaka. Bampa kuning'inia, sawa. Chumba cha dereva kupondeka, la hasha.

Gran Turismo wenyewe hatimaye ulisalimu amri. Toleo la tano, lililotoka Novemba 2010, lilikuwa na magari zaidi ya 1,000 na lilileta uharibifu. Wapenzi walikuwa wamesubiri miaka na mikaka, na wengi wakavunjika moyo, kwa kuwa magari yalikuwa ya matabaka mawili: machache yaliyochorwa upya kwa makini ndani na nje, na mengi yaliyobebwa kutoka matoleo ya zamani, nayo hayakuharibika kwa namna moja. Hata katika toleo la saba la 2022, gari hupata mikwaruzo na mabonyeo madogo lakini haliwezi kupondeka.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa kuwa nadhani wengi wanabishana bila kutenganisha mambo mawili. Kuna uharibifu wa macho na kuna uharibifu wa mwendo. Wa macho ni boneti kukunjika na kioo kupasuka. Wa mwendo ni usukani kuvuta upande, gia kukataa kuingia, injini kuchemka. Mchezo unaweza kuwa na mmoja bila mwingine. Na sisi tunaosema Kiswahili hatuna haki ya kuchanganya mambo, kwa maana lugha yetu imejaa vitenzi vya kazi hii. Rangi huchubuka. Mlango hukwaruzika. Bampa hubonyea, kisha hulegea, kisha hung'oka. Fimbo ya usukani hupinda. Gurudumu hupasuka au huchomoka. Mbele ya gari hukunjika, na ikizidi hupondeka. Hebu tazama, kila neno ni hatua yake na kila hatua ina matokeo yake kwa dereva. Michezo mingi inajua maneno mawili tu kati ya hayo yote: kukwaruzika na kung'oka.

Sababu ni hii. Katika michezo mingi gari ni kitu kimoja kigumu kama jiwe. Linapogonga, mashine huhesabu jiwe limegonga wapi na kwa nguvu gani, kisha hubandika bonyeo juu yake kama mtu anayebandika stempu juu ya bahasha. Ujerumani, katika mji wa Bremen, kuna watu waliokuja na njia tofauti. Mchezo wao, BeamNG.drive, ulianza kupatikana 2013. Gari lao limefumwa kwa vituo vyenye uzito, vilivyounganishwa na vijiti visivyoonekana ambavyo huweza kunyooka, kupinda na hata kukatika. Mashine huhesabu hali yao mara 2,000 kwa kila sekunde moja. Hapo hakuna stempu. Usukani unavuta kushoto kwa sababu kile kijiti cha kushoto kimepinda kweli. Ndiyo maana mchezo huo unataka kompyuta yenye nguvu. Magari yake, lakini, ni ya kubuni.

Sasa nifike mahali panaponichoma mimi mwenyewe. Wakati wa likizo mimi hucheza katika kibanda cha mtaani kwetu, na naungama mbele ya walimu na wanafunzi kwamba nilikuwa bingwa. Siri yangu ilikuwa moja. Nikifika konani sikufunga breki. Nilimgonga aliye mbele yangu, yeye akawa ndiye breki yangu, akatoka nje ya barabara na mimi nikapita. Kama hapakuwa na mtu, niliegemea ukuta, ukanizungusha vizuri. Wenzangu walilalamika, nami nikawajibu, "Mchezo umeruhusu." Nilidhani hilo ni jibu.

Basi msomaji, mambo haya yaliwahi kutoka kwenye televisheni yakaingia barabarani. Tarehe 30 Oktoba 2022, katika uwanja wa Martinsville, jimbo la Virginia huko Marekani, dereva wa NASCAR aitwaye Ross Chastain alikuwa wa kumi katika mzunguko wa mwisho. Alihitaji kupanda ili aingie fainali ya ubingwa. Pale ambapo kila dereva hupunguza kasi, yeye aliongeza gia, akaegemeza gari ukutani, akaachilia usukani na kukanyaga mafuta hadi mwisho. Ukuta ukamzungusha konani. Aliwapita watano, akaingia fainali! Alipoulizwa alitoa wapi wazo hilo alisema ni katika mchezo wa NASCAR 2005 aliokuwa akicheza utotoni kwenye mashine ya GameCube. Wenzake wengine wakashangilia, wengine wakakasirika, na kabla ya msimu wa 2023 kuanza wakuu wa NASCAR wakasema atakayerudia ataadhibiwa.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilichekelea, nikaona mtu wangu huyo! Baadaye nikafikiri tena. Ukuta ule haukuwa wa picha. Watazamaji walikuwa nyuma ya uzio. Kitu alichokifanya mara moja kwa ujasiri, sisi tulikuwa tunakifanya mara hamsini kwa alasiri moja bila hata kupepesa jicho, kwa kuwa ukuta wetu haukudai chochote.

Na kwetu hapa Kenya jambo hili lina uzito wake, maana mbio zetu kuu ni za magari kuharibika. Safari Rally ya 1968 ilianza na magari 93, yakafika 7. Mshindi wa Safari mara nyingi si aliyekimbia kuliko wote bali aliyefika na gari zima. Mwaka 2021 mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia, huko Naivasha, Thierry Neuville aliamka siku ya mwisho akiongoza kwa karibu dakika nzima. Kifaa cha kumeza mtikisiko wa gurudumu la nyuma kikavunjika, akatoka, na Sébastien Ogier akachukua ushindi. Sasa niambie, mchezo usio na uharibifu utaionyeshaje Safari? Colin McRae, aliyeishinda Safari 1997, 1999 na 2002, ana mchezo wenye jina lake wa mwaka 2000, Colin McRae Rally 2.0, na Kenya imo. Kati ya sehemu za mbio unapewa muda maalum wa kutengeneza gari, na muda hautoshi. Utengeneze gia au usukani? Chagua. Hiyo ndiyo Safari yenyewe.

Nilimpelekea mjomba wangu swali hili, kwa kuwa kazi yake ni kunyoosha bodi za magari. Nilitarajia acheke. Akaniambia, "Mpwa wangu, watu huniletea gari jipya lililokunjika mbele wakilia kwamba siku hizi magari ni makaratasi. Mimi huwauliza, na wewe uliyekuwa ndani? Wanasema, mimi ni mzima. Basi nawaambia gari limefanya kazi yake."

Mjomba hakusoma fizikia lakini hesabu inamuunga mkono. Gari la kilo 1,000 likienda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, lina nishati ya jouli 200,000. Ongeza kasi maradufu na nishati inakuwa mara nne, jouli 800,000. Nishati hiyo lazima iende mahali. Tuchukue lile la kilomita 72. Likigonga ukuta na mbele ikakunjika nusu mita, nguvu ya wastani ni niutoni 400,000. Likiwa gumu likakunjika sentimita 5 tu, nguvu inakuwa niutoni milioni 4, na mwili wa dereva ndio unaolipa deni hilo. Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz alilijua hili mapema, akapewa hataza ya gari lenye ncha za kukunjika mwaka 1952, na gari la kwanza la namna hiyo likauzwa 1959. Hata NASCAR walijifunza kwa uchungu. Mwaka ule ule wa 2022 Kurt Busch na Alex Bowman walipata mtikisiko wa ubongo baada ya kugonga ukuta kwa nyuma, madereva wakalalamika kwamba gari jipya ni gumu mno, na kwa msimu wa 2023 sehemu ya nyuma ikafanywa ikunjike zaidi.

Ndipo naziona kampuni za magari zikijificha bure. Zinaficha kitu ambacho zingejivunia. Mtoto akiona mbele ya gari imekunjika kama chapati na chumba cha dereva kimebaki kizima, atajua kwa nini gari limeundwa hivyo. Akiona gari linadunda ukutani kama mpira, ataamini ugumu ndio usalama.

Hata hivyo nisiwaonee wenzangu wa upande wa pili, kwa maana wana hoja moja ambayo sijaweza kuivunja. Ukiwasha uharibifu, mchezaji mwovu anakugonga kona ya kwanza, usukani wako unapinda, na mbio zako zimekwisha kwa kosa lisilo lako. Yaani adhabu inampata aliyegongwa. Ndiyo sababu mchezo wa iRacing, ulioanza 2008, humwandikia alama kila anayehusika katika mgongano na kumshusha daraja, na Gran Turismo Sport wa 2017 nao ukaanza kuhesabu adabu ya dereva. Na kwa anayejifunza, kurudia mbio nzima kwa kosa la sekunde moja ni mateso. Mchezo wa GRID wa 2008 ulimpa nafasi chache za kurudisha wakati nyuma. Mimi huona huo ni ulegevu, lakini mdogo wangu hangeweza kumaliza hata mzunguko mmoja bila hiyo.

Likizo iliyopita nilimwomba mwenye kibanda atuwekee mchezo wenye uharibifu kamili, wa macho na wa mwendo. Mbio za kwanza nilimgonga aliyekuwa mbele kama kawaida yangu. Boneti langu likafunguka likanifunika kioo, maji yakamwagika, injini ikachemka, nikazima katikati ya barabara huku yeye akiondoka akichechemea. Mbio za pili, vivyo hivyo. Ya tatu nilifunga breki kabla ya kona, nikawa wa tano. Yule wa kidato cha nne alikuwepo, akanunua zamu nyingine, akanisukumia padi na kusema, "Haya bingwa, tuone."